Mama na Rispa

Kibali cha filamu yangu kimetoka, awamu ya kwanza ya fedha imeingia, na shemeji kapeleka barua ya posa Sengerema. Ila mimi akili yangu bado iko jikoni, namsomea mama mkwe hotuba ya Rispa.

Mnaikumbuka: Rispa, yule suria wa mfalme Sauli kwenye Biblia, juu ya mwamba, maiti za wanawe nyuma yake, anamlilia mfalme Daudi kurasa nne nzima. Mama alikuwa anachambua choroko. Nikasoma kwa sauti, na penye "ewe mfalme" nikanyoosha mkono kabisa. Nilipomaliza akauliza:

"Maneno haya aliyasema wapi?"

"Kwenye filamu, mama. Biblia haikuyaandika."

"Mama Juni, wewe umeshazika mtoto?"

"Hapana, mama."

"Haya." Akarudi kwenye choroko zake.

Basi, hakuongeza neno. Tangu hapo namjibu peke yangu, bafuni, kwenye daladala, kikaoni mbele ya watu wa fedha. Kwamba mwandishi akingoja afiwe ndipo aandike msiba, nani ataandika? Kwamba yeye aliyezika wawili hajawahi kunisimulia hata mmoja wao, sasa ningejifunzia wapi? Hilo la pili sitalitamka mbele yake mpaka naingia kaburini.

Halafu mimi nimelelewa na redio, jamani. Kabla ya tamthilia za televisheni niliandika michezo ya redio, na redioni mtu akinyamaza hayupo. Lazima akohoe, avute kiti, aseme "nimeingia". Ndiyo mkono wangu ulivyozoea. Na hotuba hiyohiyo ndiyo iliyotupatia hela. Mfadhili aliniambia waziwazi.

Jana usiku umeme ulipokatika nikachukua Biblia na tochi ya simu, nia yangu kumtafutia mama mstari wa kumkomesha. 2 Samweli 21. Njaa ya miaka mitatu, Daudi anawatoa wana saba wa nyumba ya Sauli kwa Wagibeoni, kulipia damu yao aliyoimwaga Sauli, wananyongwa mwanzoni mwa mavuno ya shayiri. Rispa anatandika gunia mwambani. Mchana anafukuza ndege, usiku wanyama, mpaka mvua inanyesha. Hasemi kitu. Nikarudi sura ya 3, pale Ishboshethi mwana wa Sauli na jemadari Abneri wanagombana juu yake: hata pale hana sauti, hakuna aliyemuuliza. Na Daudi hafiki mwambani! Anaambiwa tu alichofanya yule mama, ndipo anakwenda kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani kutoka Yabesh-Gileadi. Sasa kwenye hotuba yangu Rispa alikuwa anamhutubia nani?

Nikacheka peke yangu gizani hadi Baba Juni akaamka.

Maana ona. Mwamba tunao, Mwanza nzima ni mawe. Shayiri tunaweka mtama, kutoka mavuno yake hadi vuli ni miezi mingi ya jua kali. Ndege sihitaji kukodi, kongoti wa soko la samaki la mwaloni Kirumba wanatosha, wabaya wale, wanasimama kama wazee wa baraza. Nilipoona La Genèse, filamu ya Cheick Oumar Sissoko wa Mali, ya 1999, mwanamuziki Salif Keita akiwa Esau na kitabu cha Mwanzo kikisema Kibambara, nilitaka filamu yangu iwe na ardhi namna ile. Kumbe ardhi nilikuwa naifunika na maneno.

Sijaifuta yote. Nimeacha sentensi mbili, na hizo nitazipigania, maana mama mkwe siye mwongozaji. Tatizo ni mwigizaji wetu: keshaikariri hotuba yote na juzi kanitumia sauti yake akiisema, amelia vizuri mno. Nitamwambiaje? Na mfadhili je?

Tangi la maji limeanza kunuka tena. Fundi anasema ni kifuniko, Baba Juni anasema kuna mjusi amefia ndani. Na Juni kayanywa asubuhi kabla sijamwahi.