Siku Moja Maishani Mwangu: Nibu, Patasi na Tableti Jijini Mexico

Saa 12 asubuhi. Nje bado giza hapa mtaani kwangu, Santa María la Ribera, lakini taa ya mezani inawaka. Gazeti linataka katuni ya uhaba wa maji kabla ya saa 4. Jiji hili lilijengwa ziwani, na leo tunasubiri boza. Namchora Tláloc, mungu wa mvua wa kale, kapanga foleni na ndoo yake. Penseli kwanza, kisha nibu na wino mweusi. Miduara ya macho ndiyo inayokula muda: mkono ukitetemeka kidogo tu, mungu anageuka babu aliyevaa miwani.

Saa 4. Mhariri kapokea. Nakula tamal, unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke, ndani ya mkate huku natembea.

Saa 5. Metro, peso 5, nashuka kituo cha Auditorio, naingia Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia. Nachora kitabu cha watoto kuhusu Waolmeki, watu wa ustaarabu wa kale wa Mexico, na picha za intaneti hazinitoshi. Nakaa mbele ya kichwa kikubwa cha basalti, jiwe la volkano, nafuatisha mdomo wake: mnene, pembe zimeshuka.

Hapa huwa namkumbuka Miguel Covarrubias, mchora katuni wa Mexico. Alikwenda New York mwaka 1923, hajafikisha miaka 20, akawachorea katuni majarida makubwa. Baadaye aliandika kuhusu Bali, akachora ramani kubwa za Pasifiki kwa maonyesho ya San Francisco ya 1939, akafundisha etnolojia, yaani elimu ya tamaduni za watu, akaongoza hata idara ya dansi ya taifa. Mimi napenda zaidi jedwali lake la miungu ya mvua, linaloanzia uso wa jagwa, paka mkubwa wa Amerika, wa Waolmeki na kufika hatua kwa hatua hadi Tláloc. Wataalamu wamebishana nalo. Naamini ni jicho la mchora katuni lililouona mdomo uleule karne hadi karne, ndiyo maana sikubali nikiambiwa nichague kazi moja.

Saa 9 alasiri. Karakana ya uchapaji. Bango la kundi la dansi, kwenye linoliamu, bamba laini la kuchongwa kwa patasi. Herufi nazichonga kinyume ili zikichapwa zisomeke. Rola, wino mwekundu, karatasi, mashine. "Taratibu, maestro," namwambia fundi, naye anaukaza mkono wa mashine polepole kama alivyozoea. Karatasi inabanduka na mlio mdogo, nyekundu imekolea hadi pembeni.

Saa 2 usiku. Tableti, rangi za jalada, ankara mbili kwa wateja. Mabango yakikauka, kesho tunapiga rangi ya manjano.