Nilivyompata Clemente wa 1955

Nilipohamia Pittsburgh, Marekani, kutoka Tanga, kila siku nilivuka kwa miguu lile daraja la njano la Roberto Clemente nikienda kazini, bila kujua huyo Clemente ni nani. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenisimulia: mzaliwa wa Puerto Rico, mchezaji wa besiboli wa timu ya Pirates ya hapo Pittsburgh, aliyefikisha mapigo 3,000 mwaka 1972. Desemba 31 mwaka huohuo akafa, ndege ilipoanguka baharini akiwapelekea msaada watu wa tetemeko la Nicaragua. Kuanzia hapo nikaanza kukusanya kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji.

Kadi yake ya kwanza, namba 164 ya kampuni ya Topps, ilitoka 1955, enzi kadi zilipouzwa pamoja na bigijii. Iliyo safi inauzwa bei ya gari. Mimi nilitaka yoyote, hata iliyokunjika, mradi iwe ya kweli.

Kwenye maonyesho ya kadi nikaiona mezani kwa mzee mmoja. "Siuzi," akasema, "ila kubadilishana tunaweza kuongea." Haraka nikamtolea Hank Aaron wangu wa 1957, ile kadi maarufu ambayo picha yake ilichapwa kinyume, ukimwona Aaron utadhani anatumia mkono wa kushoto. Naipenda sana kadi ile. Mzee hakuigusa. Anayo.

Njiani kurudi nyumbani nililiona kosa langu: nilimpelekea ninachokithamini mimi. Maonyesho yaliyofuata sikufungua albamu. Nilimwuliza tu, "Mzee, wewe unatafuta nini?"

Akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa. Namba zimejaa, karibu zote zimekatwa kwa penseli. Alikuwa anakamilisha seti ya 1957, yenye kadi 407, na zilizobaki zote zilikuwa kati ya 265 na 352, fungu ambalo ni gumu kupatikana kuliko mengine. Moyo ulinienda mbio. Sita kati ya hizo ninazo, akiwemo Sandy Koufax, 302, na Brooks Robinson, 328, ambayo ndiyo kadi yake ya kwanza.

Tulivutana kwa bei kama saa nzima, kila mmoja akionyesha kwenye simu mauzo ya minada ya karibuni. Tukaafikiana: kadi zangu sita, na dola 700 juu.

Kabla ya kulipa niliikagua. Wapo wanaopunguza kingo kwa wembe ili kadi ionekane mpya, kwa hiyo nilikuja na rula. Kadi za 1955 ni kubwa kuliko za sasa, inchi 2⅝ kwa 3¾, na hii ilitimia. Kwa lenzi nikaziona nukta za wino zimejipanga sawasawa, wala hazikutawanyika kama kwenye nakala. Pembe zimechakaa, mkunjo mmoja umekatiza kwenye rangi ya kijani nyuma ya kichwa chake. Na jina limeandikwa Roberto. Baadaye kwa miaka mingi kadi zilimwita Bob, jina ambalo mwenyewe hakulipenda.

Nilipoinua macho, mzee alikuwa ameshaitandaza karatasi yake, anakata 302 polepole, kisha 328.