Katavi kiangazini: kuufuata Mto Katuma

Tuliingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi tukitokea Mpanda. Lango la Sitalike liko kilomita kama 35 kusini mwa mji huo, kwenye barabara ya Sumbawanga. Jaza tangi Mpanda na ubebe dumu la akiba, kwa kuwa ndani ya hifadhi hakuna kituo cha mafuta. Kiingilio nacho hakilipwi kwa fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, kisha unalipa kwa simu au benki, kwa hiyo ni vizuri kulimaliza jambo hilo mjini, kwenye mtandao wa uhakika. Mtanzania asisahau kitambulisho ili atozwe kiwango cha raia.

Hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, lakini ikifika Septemba wanyama wengi wamejisogeza kwenye ukanda mwembamba wa Mto Katuma na mbuga zake za Katisunga, Katavi na Chada. Masika maji huzifunika mbuga hizo. Kiangazi hubaki nyasi kavu, udongo mweusi uliopasuka na madimbwi ya hapa na pale. Ndiyo maana hatukuzunguka huku na huku. Ukipata dimbwi lenye maji, zima injini ukae.

Pale Ikuu, kando ya Mto Katuma, tulikaa asubuhi nzima. Viboko walikuwa wamesongamana kwenye tope, mgongo kwa mgongo. Kiboko ana ngozi inayopoteza maji haraka juani, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia: dimbwi likipungua, dume mwenye eneo hana pa kumsukumia mpinzani, naye mpinzani hana pa kukimbilia. Makovu marefu mgongoni mwa madume ni alama za meno. Usiku hutoka kwenda malishoni, na mmoja huweza kula hadi kilo 40 za nyasi, hivyo usiweke hema kwenye njia zao zilizochimbika ukingoni.

Mamba wanahitaji jicho la subira. Tazama kingo za mto kwa darubini, si maji. Maji yakikauka, mamba hujificha kwenye mapango ya kingo, wakati mwingine wengi katika pango moja, wakikwepa joto. Juu ya ukingo huohuo walipita nyati, kundi refu lililotimua vumbi, na tohe na kuro wakala nyasi bila kushtuka.

Mbung'o ndio adha kubwa, hasa kwenye miombo kati ya mbuga moja na nyingine. Hufuata gari linalokwenda na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Vitambaa vya rangi hizo ndivyo vinavyotumika kwenye mitego yao. Vaa kaki au rangi ya mchanga, mikono mirefu, kitambaa kizito, maana kile chepesi wanakidunga. Funga vioo msituni, fungua mkifika mbugani kweupe. Dawa za kupaka haziwazuii sana. Wanaweza kuambukiza malale, kwa hiyo homa ikikujia baada ya safari mweleze daktari ulikotoka.

Udongo mweusi unadanganya. Juu umekauka na kupasuka, chini bado ni uji, hasa karibu na mto. Gari likizama, jeki nayo huzama, kwa hiyo beba ubao mnene wa kuiwekea, beleshi na kamba ya kuvutia. Usiendelee kukanyaga mafuta, tairi litajichimbia shimo. Na usishuke kuchimba kabla ya kuangalia nyasi pande zote, kwani simba hupumzika humohumo.

Jambo linaloniuma ni maji yenyewe. Chanzo cha Katuma kiko nje ya hifadhi, na huko juu maji yake huchepushwa kwenda mashamba ya mpunga. Kinachochukuliwa huko kiangazi hakifiki Ikuu, na madimbwi hukauka mapema kuliko yalivyopaswa.

Anayetaka kuona msongamano huu apange kati ya Agosti na Oktoba. Mvua zikishakolea, viboko hutawanyika na njia nyingi za mbugani hazipitiki tena.