Herufi t

Jana jioni binti yangu alisimama nyuma ya kiti changu akawa anasoma skripti, yaani faili ya amri za kompyuta, niliyokuwa nimeifungua. Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Baba, hapa umeandika 'usiiguse t hii kamwe'. Mbona kamwe?"

Nikamweleza kwamba t inaiamuru rsync, programu ya kunakili faili, ibebe faili pamoja na saa yake. Ikikosekana, kila faili hufika kwenye kompyuta mpya ikiwa imevaa saa ya kufika. Akasema "aa, sawa," akaenda zake. Nilimpa jibu sahihi, ila halikuwa jibu lote, na tangu jana swali lake halijaniacha.

Ilikuwa 2018. Kompyuta iliyokuwa ikipokea barua pepe za ukoo wetu ilikuwa imechoka, diski yake inagonga kila baada ya dakika chache. Nikaamua kuihamisha seva nzima kwa skripti, nisiguse kitu hata kimoja kwa mkono. Mpaka leo naamini hiyo ndiyo njia. Amri zikishaandikwa kwenye faili unaweza kuzijaribu mara kumi, na siku ya kuhama kwenyewe hutegemei kichwa chako kilichokosa usingizi.

Sehemu kubwa ya kazi haina hadithi. Siku mbili kabla nilishusha muda wa kukumbukwa kwa rekodi ya MX, ile inayosema barua zetu zipelekwe wapi, kutoka sekunde 86400 hadi 300, ili seva za wengine zisikae siku nzima zikipeleka barua kwenye anwani ya zamani. Nikahamisha mipangilio ya Postfix inayopokea barua na ya Dovecot inayozitoa kwa wasomaji, vyeti, ufunguo wa DKIM wa kutia barua sahihi. Barua mpya hazikunitia hofu. Seva inayotuma ikikuta mlango umefungwa huiweka barua kwenye foleni na kurudi kujaribu, na maelekezo ya 2008 ya SMTP, lugha ambayo seva hutumiana barua, yanataka isikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Niliogopea barua za zamani, kwa kuwa hizo hakuna mtu wa kuzituma tena.

Barua zetu zimehifadhiwa kwa mtindo wa Maildir, aliouanzisha Daniel J. Bernstein kwa ajili ya programu yake ya barua, qmail, na mimi naupenda mtindo huo kuliko niwezavyo kueleza. Kila barua ni faili yake. Jina la faili huanza na sekunde ambayo barua iliingia, zikihesabiwa tangu 1970, kisha huwa na jina la kompyuta iliyoipokea, na mwishoni kabisa kuna herufi zinazosimulia yaliyoipata: S kama imesomwa, R kama imejibiwa, F kama imewekewa alama, D kama ni rasimu. Maisha yote ya barua yako kwenye jina, hata kabla hujaifungua.

Sasa kuhusu ile t. Wengi huiandikia rsync herufi moja tu, a, ambayo ni kifupi cha saba: rlptgoD. Mimi nilitaka kuziandika zote ili niondoe mbili. Herufi g na o hubeba kundi na mwenye faili. Kwenye kompyuta ya zamani kila mwanaukoo alikuwa mtumiaji wa mfumo, na kwenye ile mpya nilitaka barua zote zimilikiwe na mtumiaji mmoja. Ukiitazama ile safu utaona t, g na o zimekaa bega kwa bega. Nilipofuta mbili, zilitoka tatu.

Skripti haikulalamika. Ilihesabu faili pande zote mbili ikapata 38,206 na 38,206. Ilipima ukubwa, ukalingana. Ikaandika "tayari" nami nikaiamini.

Nikafungua programu ya barua, nikaielekeza kwenye kompyuta mpya, na folda ya kwanza kuifungua ikawa ya shangazi.

Shangazi alijifunza barua pepe akiwa mtu mzima sana na aliandika kila kitu kwenye nafasi ya mada. Chini yake hakuandika neno. Nilimwonyesha mara kadhaa kwamba barua huandikwa pale kwenye uwanja mkubwa mweupe, akaniambia huko ni mbali, mtu anaweza asifike. Kwa hiyo folda yake haihitaji kufunguliwa barua mojamoja. Ukiitazama orodha tu, umeshamsoma.

Alikuwa amefariki miaka mitano kabla ya usiku ule.

Barua ya juu kabisa ilisema: "Mwanangu u mzima nimekaa nakuwaza tu". Pembeni yake kulikuwa na 23:14. Programu ile huonyesha barua za leo kwa saa peke yake, bila tarehe. Nikatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tano na dakika kumi na saba usiku. Chini yake kulikuwa na nyingine ya 23:14, na nyingine, na nyingine: ya kuuliza kama mtoto ameota meno, ya kunituma nimwombee radhi kwa mama kuhusu jambo ambalo sasa silikumbuki, ya pole. Miaka yote aliyoniandikia ilikuwa imeingia ndani ya dakika moja, na dakika yenyewe ilikuwa imepita punde tu.

Nilijua kilichotokea. Nadhani nilijua mara ile ile, kwa sababu Dovecot huchukua saa ya faili kuwa saa ya kupokelewa, na mimi hilo nilikuwa nimelisoma. Kujua hakukunisaidia. Mkono ulikwenda kwenye kitufe cha kujibu, dirisha likafunguka, nikaandika "Shikamoo shangazi". Nikabaki nimeyatazama maneno hayo mawili mpaka programu ikayahifadhi yenyewe kama rasimu. Ndani ya nyumba kila mtu alikuwa amelala. Diski ya zamani ikagonga, ikanyamaza, ikagonga.

Sijui nilikaa muda gani. Kuna kitu ndani yangu kilikuwa kinaomba nisiisahihishe ile skripti.

Hatimaye nikafungua dirisha la amri ili nione faili yenyewe, kwa kuwa tarehe ya kweli ilikuwa kwenye jina lake. Na kweli lilianza na 1371, yaani Juni 2013. Macho yakaendelea kusoma, yakapita jina la kompyuta ya zamani, yakafika mwisho. Baada ya mkato kulikuwa na S peke yake.

Nikatazama ile iliyotangulia. RS. Ile ya kabla yake, RS. Nikapanda juu folda yote, RS, RS, RS. Yake ya mwisho nilikuwa nimeisoma tu.

Inawezekana nilimpigia simu. Nilikuwa na desturi ya kumpigia, na baada ya barua ile aliishi wiki nyingine saba. R huandikwa pale tu unapojibu kupitia programu ya barua, na sauti yangu kwenye simu isingeacha herufi yoyote. Nimejaribu sana kuikumbuka simu hiyo. Wakati mwingine naisikia kabisa, anacheka, kisha nagundua ni kicheko cha simu nyingine.

Nilirudisha t mahali pake nikaiendesha skripti upya. Haikuchukua muda. rsync ikiona faili ina ukubwa ule ule ila saa tofauti, huzilinganisha pande mbili na kutuma kile tu kilichotofautiana, na hapo hakikutofautiana kitu. Ilirekebisha saa tu, moja baada ya nyingine. Nikafuta faili za dovecot.index.cache, ambamo Dovecot huweka kumbukumbu zake, zisije zikashikilia tarehe za uongo. Nilipofungua folda tena, shangazi alikuwa amerudi 2013.

Rasimu haikuwapo. Skripti ilikuwa na --delete, ambayo huondoa upande wa pili kila kisichopo upande wa kwanza, na kompyuta ya zamani haikuijua salamu yangu. Ilifanya nilichoiagiza. Ndipo nilipoandika maelezo yale juu ya mstari, yenye neno "kamwe", usiku ule ule, kabla sijabadilisha rekodi ya MX.

Kompyuta iliyokuwa mpya wakati huo ndiyo leo imezeeka. Nimepitia skripti yote, nimeijaribu mara nne, na safari hii nimeongeza hatua inayolinganisha tarehe za faili, si idadi na ukubwa peke yake. Nimeipanga ianze saa nne usiku. Kikasha cha shangazi bado kipo kwenye seva hii hii, nacho kinahama pamoja na vingine. Sijawahi kuwaza kukifunga.

Sasa ni saa mbili na nusu. Binti yangu amerudi, ameketi kwenye ukingo wa meza, nami nimemsimulia yote, pamoja na ile S. Amefikiri kidogo, akauliza kama kompyuta hii iliyopo mbele yetu ndiyo tunayohama kutoka, au ndiyo tunayohamia.

Tunahama kutoka, nimemwambia. Chochote kitakachoandikwa humu kabla ya saa nne, skripti itakibeba.