Mwaka ambao kitufe cha Start kilipotea

Juzi nimemwekea dada mmoja Windows 11 kwenye laptopu yake, ilipowaka akaangalia chini kushoto, pale kilipozoeleka kitufe cha Start cha kufungulia menyu ya programu, akakaa kimya kidogo alafu akaniuliza, "Kaka, mbona Start imehamia katikati?" Basi hapo hapo nikakumbuka 2013 yote.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi kwenye steshenari moja Tandika, tunachapa barua, tunatoa kopi, tunawajazia watu fomu. Mashine zilikuwa tatu, mbili zina Windows 7 na moja ya zamani ina Windows XP, ikaja ya nne ina Windows 8. Kwa ambao hamkuikuta, hii ilitoka tarehe 26 Oktoba 2012, na ukiiwasha hukuti desktopu, unakuta skrini nzima imejaa vigae vya rangi, kijani, zambarau, bluu, vingine vinajibadilisha vyenyewe vinakuonyesha habari na hali ya hewa. Ukiingia desktopu sasa, pale chini kushoto hamna kitu. Kitufe cha Start kilikuwa pale toka Windows 95, miaka 17 mkono wa mtu unaenda wenyewe, alafu siku moja hakipo.

Tulikuwa na mteja wetu, mwalimu mstaafu, kila wiki anakuja kuchapa muhtasari wa kikao cha vikoba vyao. Alisoma kompyuta ukubwani, kozi ya kulipia, na alikuwa na daftari dogo la mistari ambalo kila hatua kaiandika kwa mwandiko wake ule wa ubaoni: 1. Washa. 2. Bonyeza Start. 3. All Programs. 4. Microsoft Office. 5. Word. Siku hiyo mashine nyingine zina watu, nikampa shikamoo yake nikamkalisha kwenye ile mpya. Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye namba 2, akaangalia skrini, akarudi kwenye daftari, kidole hakijatoka pale pale. Alafu akaniuliza kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie, "Mwanangu, hii mashine imebadilika au mimi ndo nimesahau?"

Hilo swali sijawahi kulisahau. Kipindi kile kulikuwa na watu wanasema wanaolalamikia Windows 8 ni wavivu tu wa kujifunza, na mi mpaka leo nakataa. Mzee yule alijifunza, tena alijifunza kwa pesa yake na kwa kuandika. Mtu wa hivyo kompyuta kwake ndo ile njia, Start mpaka Word, ukiihamisha usiku bila kumwambia asubuhi anajilaumu yeye.

Ila nisiwe mchoyo wa kusema ukweli, kuna walioipenda na walikuwa na sababu. Jirani yetu alikuwa anawawekea watu muvi na sizoni kwenye flashi, huyo alikuwa anakuja kuiomba hiyo hiyo mashine. Kwanini? Kukopi. Windows 8 ilikusanya kopi zote kwenye kidirisha kimoja, ina grafu inakuonyesha spidi inapanda na kushuka, na unaweza kusimamisha moja ili nyingine iishe kwanza, mteja mwenye haraka akaondoka na flashi yake. Kwenye 7 hicho kitu hakikuwepo. Alafu inawaka haraka, maana ukiizima haizimi kila kitu, kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski na kesho kinaamshwa tu. Binti mmoja wa sekondari aliyezoea simu ya tachi yeye hata hakuuliza, alifika kwenye vigae akaandika "wo" kwenye kibodi, Word ikajileta.

Shida ilikuwa ni kutaka sura moja itoshe kila mahali. iPad ilitoka 2010, tablet zikawa ndo habari ya mjini, Microsoft wakatengeneza kitu cha kidole alafu kikapelekwa na kwa mwenye mausi. Kwenye tablet ni tamu kweli, unavuta kutoka pembeni kulia, vitufe vinakuja. Kwa mausi unasukuma kishale mpaka kwenye kona, unasubiri, unashuka Settings, Power, ndo unakuta Shut down. Siku nzima swali lilikuwa "nazimaje?" na la pili "hii picha naifungaje?" maana ilikuwa inafunguka skrini nzima haina alama ya X. Nikabandika karatasi juu ya monita: nenda desktopu, bonyeza Alt na F4.

Kelele zilikuwa dunia nzima. Watu wakawa wanashusha Classic Shell, programu ya bure inayokurudishia menyu ya zamani. Windows 8.1 ilipotoka tarehe 17 Oktoba 2013 kitufe kikarudi, ila ukikikliki kinakutupa kule kule kwenye vigae, wengine wakaona ni afadhali, wengine wakazidi kukasirika. Menyu yenyewe ilirudi na Windows 10, tarehe 29 Julai 2015, vigae vikakaa ubavuni mwake. Kwa maoni yangu ilitakiwa ianzie hapo, kipya kiwepo na cha zamani kisinyang'anywe.

Mi sikusubiri hiyo miaka. Wiki ile ile niliweka Classic Shell kwenye mashine ya nne, mwalimu alivyorudi akafungua daftari, namba 2, akabonyeza, akaendelea zake namba 3 wala hakuniita.

Sasa huyu dada wa juzi, nikamwambia hilo dogo, nikakliki kulia kwenye ule mstari wa chini, nikaingia setingi zake, nikabadilisha mpangilio ukae kushoto, haikufika hata dakika. Akaitazama. Akafungua vitu viwili vitatu. Alafu akasema, "Hebu irudishe katikati kaka, kwanza ilikuwa imependeza." Nikairudisha.