"I stopped to drink": jinsi nilivyokosa udereva

Shuleni mwalimu alitupa dawa moja: "to" ni "ku-", basi. Nataka kula, "I want to eat". Nikaishi na dawa hiyo mpaka nilipoomba kazi ya kuendesha watalii Arusha.

Habari zangu za bia zilikuwa zimezagaa mjini, na kweli nilikuwa nimeacha, mwezi wa nne huo. Nikaona nimtoe tajiri wasiwasi mapema. Nikaandika kwa majivuno: "I stopped to drink." Siku ya usaili mzee akaisoma kwa sauti, akanitazama juu ya miwani: "Ulisimama wapi? Ukanywa nini?" Nikadhani ananipima. Nikamjibu nimesimama moja kwa moja, tangu Januari! Walicheka mpaka aliyeleta chai. Kazi akapewa mwingine.

Dada mmoja jirani, yuko mapokezi hotelini, ndiye aliyenifungua macho: nilichoandika ni "nilisimama ili ninywe". Kuacha ni "I stopped drinking". Akaniambia nikariri orodha ya vitenzi, vya "to" na vya "-ing". Nikanunua daftari la elfu mbili hivi, nikakariri kurasa nzima. Kukicha, hakuna kitu.

Nikabuni langu. Kitenzi cha kwanza nakiuliza: hilo jambo liko mbele, au limeshakuwepo? La mbele linapata "to": want, hope, promise, decide. Lililokwishakuwepo linapata "-ing": finish, enjoy, admit, deny. "I remembered to lock the door", nilikumbuka, ndipo nikafunga. "I remember locking the door", nilishafunga, sasa nakumbuka. Hapo nilijiona profesa siku nzima.

Wakorofi wapo. "Avoid" na "suggest" hutaka "-ing" hata jambo likiwa mbele. "I look forward to meeting you" ina "to" ya kukutega, nyuma yake inakuja "-ing". Hao nimewabandika kwenye dashibodi.

Mimi kilichonitesa zaidi ni "nataka uje". Usiseme "I want that you come". Kwao ni "I want you to come". Na "make" ina kiburi, "to" haitaki: "He made me wait", alinifanya nisubiri. Ukiigeuza iwe ya kutendwa, "to" inarudi: "I was made to wait". Aliyepanga hivyo ana lake jambo.

Barua ya pili nilipeleka kampuni nyingine. Nilipofika kwenye pombe nikaandika "I don't drink", nikapita. Jumatatu naanza.