"Picha kwa hisani ya mtandao", hisani gani hiyo?

Jamani hii ya kubeba picha ya mtu halafu unaandika chini "kwa hisani ya mtandao" mnaitoa wapi? Mtandao haupigi picha. Kuna mtu alishika kamera, na tangu alipobonyeza ile kazi ni yake, hahitaji kuisajili wala kuweka alama ya ©, ndo Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unavyosema na nchi nyingi sana zimo.

Mi nikimpa mtu leseni, yaani ruhusa ya kutumia picha yangu, naandika kila kitu, itumike wapi, kwa muda gani, anaruhusiwa kuikata au kuchezea rangi au hapana, maana ukimwambia tu "we itumie" kesho unaikuta kwenye bango la matangazo na huna pa kushika. Na leseni sio kuuza, haki inabaki kwako. Zile za Creative Commons, leseni zilizoandikwa tayari ambazo mwenye kazi anaruhusu watu wote waitumie kwa masharti, nazo msome herufi, NC maana yake biashara hapana.

Sasa wakishaiba? Piga skrinshoti kwanza, linki na tarehe vionekane, kabla hujaanza kugombana, wakishtuka tu wanafuta. Kisha barua ya madai, au unaomba tovuti au mtandao wa kijamii ilipowekwa uiondoe. Mahakamani unaweza kuomba zuio, yaani amri ya kuwakataza wasiendelee kuitumia, fidia, sehemu nyingi hata faida aliyoipata kwa kazi yako, ila wakili naye anataka chake, kwahiyo kwa kapicha kamoja mi huwa nawatumia tu invoisi. Wengine wanalipa kimyakimya kabisa.